Afisa wa KWS Akikusimamisha: Mamlaka ya Kupekua na Kukamata Yanaanzia Wapi, Yanaishia Wapi

Wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ana mamlaka ndani ya mbuga tu, na kwamba akishavuka lango na kuingia Barabara ya Lang'ata hana tofauti na mpita njia mwingine. Imani hiyo imewaponza watu. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni huko Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliofungiwa ndani ya mirija midogo yenye pamba. Karibu wakati huohuo, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walikamatwa Nairobi kwa kosa la namna hiyo. Wote wanne walikiri mashtaka katika mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, na mwezi Mei kila mmoja akatozwa faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Katika kesi hiyo hapakuwa na ndovu, hapakuwa na bunduki, wala hapakuwa na mbuga.

Mamlaka ya afisa wa wanyamapori humfuata mnyama, na kila kilichotoka kwa mnyama: pembe, ngozi, kucha, jino, yai, nyama. Ua wa mbuga si mpaka wake. Kwa hiyo anaweza kukukuta Kitengela ukinunua nyama kwa bei ya ajabu, Eastleigh ukituma kifurushi, au sebuleni kwako Buruburu ukiwa na kasuku wa kijivu asiye na kibali.

Msingi wa mamlaka haya ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014 na kuchukua nafasi ya ile ya 1976. Nyuma yake ipo historia ndefu zaidi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara, yale maduka ya ngozi na vinyago vya pembe yaliyokuwa katikati ya jiji. Tangu hapo, mtu anayeuza bangili ya pembe ya ndovu Nairobi hana duka halali la kujitetea nalo. Ndiyo maana shaka ya afisa huanza mapema. Mwenye bidhaa ya mnyama wa porini ndiye anayetarajiwa kuwa na kibali mkononi.

Lakini kuwa na mamlaka ni jambo moja, na kuyatumia bila mpaka ni jingine. Mkanganyiko mwingi ninaousikia, kwenye matatu na hata ofisini kwa watu waliosoma, unatokana na kurundika pamoja mambo ambayo sheria imeyatenga. Kukusimamisha si kukupekua. Kukupekua si kukukamata. Kukukamata si kukuhoji, na kukuhoji hakumpi afisa ruhusa ya kukulaza usiku kucha katika chumba asichokijua mtu. Kila hatua ina sharti lake, na afisa aliyetimiza sharti la hatua ya kwanza bado hajapata ruhusa ya hatua ya pili.

Huyu ni afisa gani?

Kabla ya yote, jua unaongea na nani, kwa sababu Nairobi ina sare nyingi. Anayelinda Karura au Msitu wa Ngong Road kwa kawaida ni wa Huduma ya Misitu, KFS, na mamlaka yake yanatoka kwenye sheria ya misitu ya 2016. Askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, hawana kazi na nyara za wanyama. Polisi wa kawaida na wapelelezi wa DCI wanaweza kukamata kwa makosa ya wanyamapori kama wanavyokamata kwa makosa mengine, na misako mikubwa ya pembe mara nyingi hufanywa na KWS na polisi kwa pamoja.

Kundi linalochanganya zaidi ni maskauti wa hifadhi za jamii, kwa mfano kwenye tambarare za Kajiado zinazopakana na Mbuga ya Nairobi. Wanafanya kazi ngumu kwa malipo kidogo, na bila wao wanyama wanaotoka mbugani kuelekea kusini wangekuwa hatarini zaidi. Hata hivyo, skauti asiyepewa mamlaka rasmi anasimama pale anaposimama raia yeyote. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kuingia nyumbani kwa mtu kupekua wala kumfungia mtu kambini.

Afisa aliyevaa kiraia ana wajibu wa kujitambulisha. Omba kitambulisho cha kazi, soma jina na nambari ya utumishi, na ukiweza viandike. Kuomba kitambulisho si ukaidi, na afisa anayejua kazi yake hukitoa kabla hujamaliza sentensi.

Barabarani

Sheria inamruhusu afisa wa wanyamapori kudai kibali, kusimamisha gari, kupekua mzigo na kutwaa kitu anachokishuku kuwa nyara, bila kwenda kwanza kwa hakimu. Sababu yake inaeleweka: lori linalotoka Tsavo na kufika Mlolongo saa tisa usiku halitamngoja hakimu aamke. Sharti ni shaka yenye msingi. Taarifa ya mtoa habari inayolingana na nambari ya gari ni msingi. Mbwa wa kunusa aliyekaa kando ya sanduku pale JKIA ni msingi. Damu inayodondoka kutoka kwenye buti ni msingi. Kabila la dereva si msingi, wala uchakavu wa gari, wala kwamba mtu ana wasiwasi akiona bunduki. Nani hana wasiwasi akiona bunduki?

Chukua matatu ya Rongai yenye gunia nyuma ya kiti cha mwisho. Askari wakilifungua na kukuta vipande vya pembe, abiria wote 14 hawawi wahalifu. Kanuni ya Adhabu inataka ujuzi: mtu anahesabiwa kumiliki kitu anapojua kipo na ana uwezo juu yake, au wanapokuwa wengi, mmoja akiwa nacho kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake. Afisa anaweza kuwahoji wote na kuchukua majina yao, na pengine atamkamata aliyekaa karibu zaidi na gunia. Mahakamani, hata hivyo, upande wa mashtaka utapaswa kuonyesha ni nani aliyelijua lile gunia: nani alililipia nauli, nani alilipandisha, simu ya nani iliita mtu wa kulipokea. Kwa hiyo abiria asiye na hatia ana faida ya kusema mapema, kwa utulivu, alipandia wapi na mzigo wake ni upi.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa kuzingatia heshima yake. Hili limeandikwa waziwazi, na halina msamaha wa usiku, wa porini, wala wa uhaba wa maafisa wa kike. Kama hayupo afisa wa kike, mwili wa mwanamke haupekuliwi mpaka apatikane. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wachuuzi wengi wa nyama wanaosimamishwa kwenye barabara za kuingia jijini ni wanawake, na wengi wao hawajui kwamba wanaweza kukataa.

Kuna kitu kimoja ambacho afisa hawezi kukifanya barabarani kamwe, nacho ni kukutoza faini. Hakuna faini ya papo hapo kwa makosa haya. Baada ya marekebisho ya sheria, kupatikana na nyara ya mnyama aliye hatarini kutoweka kunaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha miaka 5, na hicho ndicho kiwango cha chini. Uzito huo wa adhabu ndio unaozaa ile sauti ya chini dirishani: "Mzee, hii tunaweza kuimaliza hapa." Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana kesi. Aliyekuwa na tatizo moja anaondoka na mawili, na ndovu aliyeuawa hakupata chochote.

Nyumbani

Mlango wa nyumba una ulinzi kuliko mlango wa gari. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa mwili, nyumba na mali yake, na dhidi ya kutwaliwa vitu vyake. Haki hiyo inaweza kupunguzwa na sheria, lakini sheria inayoipunguza lazima ieleze mpaka wake na iwe na sababu inayokubalika katika jamii huru. Mwaka 2012, katika kesi ya kampuni ya Samura Engineering dhidi ya mamlaka ya ushuru KRA, Mahakama Kuu ilikataa dhana kwamba sheria kumpa afisa uwezo wa kuingia na kutwaa kunatosha. Hati ya hakimu ndiyo kinga ya raia dhidi ya upekuzi wa holela. Kesi ile ilihusu kodi, lakini hoja yake inamgusa yeyote anayepewa na serikali uwezo wa kubisha hodi, afisa wa wanyamapori akiwemo.

Njia ya kawaida, basi, ni hati ya upekuzi. Afisa anakwenda kwa hakimu, anaeleza kwa kiapo anachoshuku na kwa nini, na hakimu anaandika ni nyumba gani na kinatafutwa nini. Hati hutekelezwa mchana, kati ya macheo na machweo, isipokuwa hakimu ameruhusu saa nyingine. Isome. Kama imeandikwa nyumba namba 6 na wewe unaishi namba 9, waonyeshe. Kama inataja pembe za ndovu, haimpi mtu ruhusa ya kusoma barua zako za benki, ingawa kosa jingine likionekana wazi mezani hawatalifumbia macho.

Dharura zipo. Mtu akikimbizwa na mzigo mkononi na kuingia ndani, au moshi wa ngozi inayochomwa ukitoka dirishani, hakuna hakimu atakayemlaumu afisa kwa kuingia. Kinachokataliwa ni dharura ya kutengeneza: kuwa na habari tangu Jumatatu, kungoja hadi Ijumaa usiku, kisha kusema hapakuwa na muda wa kuomba hati.

Ukiwafungulia mlango kwa hiari, upande wa mashtaka utasema uliridhia. Kama huridhii, sema hivyo kwa maneno, mbele ya jirani au mlinzi wa ploti, halafu usizuie kwa mwili. Kumsukuma afisa ni kosa jipya linalosimama lenyewe hata kama upekuzi ulikuwa haramu.

Hapa kuna dhana nyingine ya mtaani inayostahili kuondolewa: kwamba pasipo hati, kesi imekufa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utaondolewa ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaathiri utoaji wa haki. Neno "ikiwa" ndilo linalobeba mzigo wote. Hakimu hupima, na pembe zilizokutwa kweli chini ya kitanda zinaweza kukubaliwa hata kama afisa alikosea njia. Anayetegemea kosa la afisa peke yake anategemea tawi jembamba.

Orodha ya vilivyotwaliwa

Kitu kinachoamua kesi nyingi kuliko hati ni karatasi isiyo na mvuto: orodha ya vilivyokutwa. Baada ya upekuzi, kila kitu huandikwa, huhesabiwa na kupimwa uzito, na karatasi hutiwa saini na maafisa, mshukiwa na mashahidi. Kuanzia hapo kila mkono unaoshika kielelezo lazima uonekane kwenye kumbukumbu: aliyekitwaa, aliyekisafirisha, aliyekitunza, na mtaalamu aliyekichunguza. KWS ina maabara yake ya uchunguzi wa jeni huko Lang'ata, iliyofunguliwa mwaka 2015, inayoweza kutambua spishi hata kwa kipande cha nyama kilichokatwa na kukaushwa. Hilo liliziba mwanya mkubwa. Zamani mshtakiwa alisema ni nyama ya ng'ombe, na bila shahidi mtaalamu hakimu hakuwa na la kushika.

Lakini maabara haiwezi kueleza jinsi vipande vitatu vilivyotwaliwa vilivyofika mahakamani vikiwa vinne. Mlolongo ukikatika, wakili wa utetezi hana kazi kubwa. Nchi nzima iliona mwaka 2018 jinsi kesi kubwa inavyoweza kuanguka: mfanyabiashara wa Mombasa aliyehukumiwa miaka 20 jela mwaka 2016, kwa shehena ya pembe yenye uzito wa zaidi ya tani 2, aliachiliwa na Mahakama Kuu iliyoona upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi yake. Watu walikasirika. Mimi hasira yangu haielekei kwa jaji, maana jaji hutoa hukumu juu ya faili lililo mbele yake. Nchi iliyochoma tani 105 za pembe ndani ya Mbuga ya Nairobi tarehe 30 Aprili 2016, mbele ya kamera za dunia, inawadai maafisa wake umakini uleule wanapojaza karatasi usiku kando ya barabara.

Ukiwa mshukiwa na ukaletewa orodha utie saini, isome yote. Kama kuna kitu hakikutoka kwako, andika hivyo kabla ya saini yako. Kama huwezi kusoma lugha iliyotumika, sema usomewe. Usitie saini karatasi tupu.

Baada ya kukamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba hakitofautishi kati ya polisi na afisa wa KWS. Kinazungumza juu ya mtu aliyekamatwa. Lazima aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Zikiisha nje ya saa za mahakama, basi siku ya kazi inayofuata. Dhamana ni haki yake isipokuwa pana sababu nzito za kumnyima.

Saa hizo 24 zinaanza kuhesabiwa alipozuiwa, si alipofikishwa kituoni. Hili ndilo eneo linalonipa hofu kuliko yote. Polisi wana vituo, seli, na daftari la matukio, OB, ambalo ndugu wa mtu anaweza kwenda kuliulizia. Mshukiwa wa kosa la wanyamapori anapaswa kupelekwa kituo cha polisi na kuandikwa humo. Muda kati ya porini na daftari lile ndio muda ambao hakuna jicho la nje linaloona. Januari 2025 mvuvi mmoja alitoweka baada ya kudaiwa kukamatwa na askari wa KWS katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Maafisa sita baadaye walishtakiwa kwa utekaji nyara, wakakana. Mahakama ndiyo itakayosema nani alifanya nini. Ila familia iliyotembea kutoka kituo hadi kituo ikitafuta jina lisiloandikwa popote inatuonyesha kwa nini kalamu na daftari ni suala la uhai.

Kuhusu maungamo, sheria ya ushahidi ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kukiri kosa kunakubaliwa tu kukifanywa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya polisi wa cheo cha inspekta na kuendelea ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Afisa wa wanyamapori hayumo kwenye orodha hiyo. Maneno aliyoyapata kwa kumpiga mtu makofi kando ya Land Cruiser hayana thamani mahakamani, na kipigo chenyewe ni kosa. Katiba haikuacha mwanya wowote kwa mateso, hata kwa jangili aliyekutwa na damu mikononi.

Silaha nazo zina sheria yake. Afisa anaruhusiwa kupiga risasi kujikinga au kumkinga mwingine, na katika mazingira fulani kumzuia anayetoroka, lakini kwa huyo wa mwisho sharti iwe hakuna njia nyingine na awe ameonywa kwanza. Naielewa hali ya maafisa hawa. Wengi wao wamezika wenzao waliouawa na majangili wenye bunduki za kivita, na si haki kuzungumzia mipaka yao bila kukumbuka makaburi hayo.

Kesi yenyewe huongozwa chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. KWS ina waendesha mashtaka wake, lakini wanafanya kazi kwa idhini ya ofisi hiyo, kwa hiyo afisa aliyekukamata hana uamuzi wa mwisho wa kukushtaki wala wa kukuachia.

Ukikosewa

Pengo kubwa la mfumo wetu liko hapa. Polisi wana IPOA, chombo huru cha raia kilichoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza makosa yao. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya polisi. Afisa wa wanyamapori, mwenye bunduki na uwezo wa kukamata, hayumo ndani yake. Kinachobaki ni kulalamika KWS kwenyewe, kupeleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala au Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kuripoti hongo kwa tume ya maadili na kupambana na ufisadi (EACC), kuandikisha kosa la jinai kwa polisi, au kufungua kesi Mahakama Kuu. Njia zote zipo, ila hakuna hata moja iliyojengwa mahususi kwa ajili ya hili, na Bunge lingefanya jambo jema kulitazama. Maafisa waadilifu nao wangenufaika, kwa sababu sasa wanabeba tuhuma za wenzao bila mtu huru wa kuwasafisha.

Mali iliyotwaliwa hukaa chini ya ulinzi wa mahakama hadi kesi iishe. Gari linaweza kuombewa liachiliwe mapema kwa dhamana, hasa kama mwenyewe alikuwa amelikodisha tu na hakujua lilibeba nini. Pembe na ngozi hazirudi kwa mtu asiye na kibali hata akishinda kesi.

Na kuna wale ambao hawajakamatwa, ila nyumbani wana kitu. Bangili ya marehemu nyanya, ngozi ya chui ya babu aliyekuwa mzee wa baraza, kasuku aliyeletwa na mjomba kutoka Kongo. Mwaka 2022 KWS iliwapa wenye kasuku wa kijivu muda wa msamaha kuwasajili, na wengi walijitokeza. Kwa vitu vingine, usivitupe usiku wala kumpa fundi akuuzie. Hapo ndipo mrithi asiye na nia mbaya anapogeuka mfanyabiashara wa nyara machoni pa sheria. Zungumza na wakili kwanza kama unaweza, kisha piga simu au nenda ofisi ya KWS kueleza ulicho nacho na kilikotoka, uulize namna ya kukiwasilisha kabla ya kukisafirisha mjini. Usiondoke pale bila karatasi yenye tarehe, maelezo ya kitu hicho, na jina la afisa aliyekipokea.